Kizingiti cha Stoo ya Dawa

Fikriya, mfumaji wa kiwanda cha nguo huko Mahalla, Misri, alifika wodini na vumbi la pamba nyweleni. Bintiye Nagwan alikuwa amekakamaa shingo, amefumba macho kukwepa mwanga.

"Jana alichomwa nini?" aliuliza Dakta Mirette.

"Sindano ya mafua, dakta. Ile ya duka la dawa, dawa tatu ndani ya bomba moja. Nani hapa mjini hajachomwa? Homa ikashuka, nikaenda zamu."

"Ilifichwa tu. Hii ni homa ya uti wa mgongo. Anataka dawa ya seftriaksoni, sasa hivi."

"Si hiyo hiyo waliyochanganya jana?"

"Hiyo hiyo. Mafua haiyagusi, hayo ni ya virusi, havina ukuta. Bakteria ndio hujenga ukuta wa kujikinga. Dawa hii huwazuia kuujenga, wakapasuka. Lakini ili ifike kwenye ubongo, lazima ipite mshipani, kwa kipimo kikubwa, kila siku. Jana walimpa kidogo, tena msulini."

Dawa ilikuwamo stoo. Funguo alikuwa nazo mtunza stoo, Ustadhi Shaaban.

"Bila muhuri wa mkurugenzi haitoki. Yuko kikaoni. Rudi baada ya alasiri, Mama Nagwan."

"Lakini ipo?"

"Tele."

Akashika mlango aufunge. Fikriya akaketi kizingitini, mgongo kwenye mwimo huu, nyayo kwenye ule.

"Inuka, mama, utaniponza!"

"Mtoto hana alasiri."

"Naita askari!"

"Mwite. Aje na muhuri."

Wanawake wa foleni wakaangua kicheko; wawili wakaketi naye. Shaaban alitazama mlango usiofungika. Kuondoka hawezi: stoo ikiachwa wazi, kila kitakachopotea ni juu yake. Chakula chake kilikuwa kinapoa ghorofani. Akatupa boksi mapajani mwa Fikriya.

Mirette aliuyeyusha unga wa dawa kwa maji hadi ukawa mwangavu wenye umanjano, akauingiza mshipani polepole.

Siku ya tatu Nagwan alifumbua macho, akamtazama mama yake. "Una pamba kichwani."

Fikriya akapiga kigelegele hadi wauguzi wakaja mbio.

Kisha akashuka kuchukua dozi ya siku hiyo, nyuma yake mama wa mtoto wa kitanda cha pili. Shaaban alimwona kwa mbali, akatoa boksi kabla hajaombwa.

"Na ya huyu?"

"Huyo bado muhuri."

Fikriya akakusanya gauni lake, akaketi kizingitini.