Aina Mbili katika Mate ya Adrienne

Karatasi ya vipimo vya mate ya Adrienne ilitoka Kinshasa kwa ndege, lakini habari yake ilikimbia kuliko ndege. Kabla mwuguzi Pontien hajaikunja, Kalemie nzima ilishajua. Na huko Kongolo walikuwapo watu waliowataja wanaume wake wawili kwa majina, hata na rangi ya viatu vyao.

Kosa la Pontien lilikuwa moja: alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, mlango wazi. "Virusi vya mate, aina mbili tofauti."

Aina mbili, basi wanaume wawili. Hivyo ndivyo alivyoamua Edmond, fundi wa reli, mume wa Adrienne. Asubuhi ile ile alilibeba godoro la mkewe hadi bandarini. Apande meli, arudi kwao Moba. Watoto wabaki.

Kifua kikuu kilikuwa kimemmalizia Adrienne kinga yote mwilini; alitembea kwa kushika kuta. Siku hiyo hakushika ukuta. Hasira ilimbeba mpaka kwenye biro ya Pontien, ofisi ya zahanati, nyuma yake Edmond, mama mkwe Emérance na mjukuu wake, na nusu ya mtaa.

"Sitwayeni, ndugu raia Pontien, soma yote."

"Mama Adrienne, hiki ni Kifaransa kigumu..."

"Na kile ulichonivua nacho nguo kilikuwa laini? Soma!"

Pontien akasoma, jasho likimtoka. Virusi hivyo karibu kila mtu anavyo tangu utotoni. Hupita kwa mate. Mwili wenye nguvu huvinyamazisha. Ukidhoofika vinaamka, na aina nyingine ikiingia inakaa pamoja na ile ya zamani.

"Kwa mate," alisema Adrienne. "Mama Emérance, niliposhindwa kutafuna, nani alinitafunia samaki wa ndagala?"

Bibi alikuwa anamtafunia mjukuu muhogo. Taya zikasimama.

"Ni mimi, mutoto wangu. Mwezi mzima. Mugonjwa si anatafuniwa?"

"Umesikia, Edmond? Mwanaume wangu wa pili njo huyu. Mupeleke Moba!"

Kicheko kilivuka ziwa mpaka Kigoma. Adrienne hakucheka.

"Mama watoto, nisamehe..."

"Godoro langu."

"Nitatuma mtu alilete."

"Wewe mwenyewe. Kichwani, kwa njia ile ile, jua hili hili likiwaka. Na Sitwayeni Pontien atatangulia, akisoma ile mistari aliyoikunja, mlango kwa mlango."