Miti ya Mukhisa

Mashine ya Wilkista ya kutotoa vifaranga ilizima kwa mara ya tatu mwaka huo, siku nne tu kabla ya mayai kupasuka. Alivunja yai moja akaona kifaranga kimeshaota manyoya, kimekunja shingo, baridi. Hakuvunja la pili. Aliyabeba yote sitini na mawili akayafukia nyuma ya choo. Yeye si mtu wa kulilia kuku, lakini asubuhi hiyo alilia.

Adui alijulikana. Upande wa magharibi wa nyumba yake, pale Matulo, ilisimama miti mitatu ya migrevilea iliyorefuka kulipita paa. Kila siku ikifika saa nane, kivuli chake kilipanda juu ya sola ya paani iliyoendesha mashine na kukaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Betri ilijaa nusu, na mashine ikaimaliza nusu hiyo kabla ya kupambazuka. Matawi yalikuwa yamepunguzwa mwaka jana, yakachipuka mengi zaidi. Kuisimamisha sola kwenye nguzo uani nako hakukufaa, maana ile ya jirani yake Everlyne ilikaa hivyo siku mbili tu, ikapata mwenyewe mwingine. Ilibaki kukata.

Sasa nani angekata? Miti ilikuwa ya marehemu mumewe, Mukhisa. Ndivyo kijiji kizima kilivyojua. Wangila, mwanawe wa pekee, fundi wa matrekta kule Kitale, ndiye aliyemnunulia mama hiyo sola. Lakini kila alipokuja nyumbani aliegesha pikipiki chini ya miti ile, akagusa shina kabla hata hajampa mama yake mkono. Baba yake alikufa yeye akiwa darasa la tatu. Sura ya baba ilikuwa imeanza kumpotea, miti haikuwa imempotea.

Jumamosi alipokuja, Wilkista alimmiminia chai akamweleza habari ya mayai. Wangila akasema atanunua betri nyingine, hata mbili. Mama akamwambia betri ni debe tu, na debe bila maji ya kutia ni la nini. Wangila akasema polepole, bila hasira, na huo upole ndio uliomchoma mama yake.

"Mama, hii miti alipanda baba. Si ni hiyo tu alituachia. Mimi siwezi kata baba."

Neno alilolifungia Wilkista kifuani miaka ishirini na minane lilikuwa limefika mdomoni. Kwa desturi ya kwao mwanamke hapandi mti. Mti ni alama ya mwenye shamba, na wazee walisema mke akipanda mti amemchimbia mumewe kaburi. Naye Mukhisa alikufa kijana, kifua kikimbana, miti ikiwa na miaka tisa. Akisema tu, mwanawe atahesabu: mama alipanda, baba akafa. Alikaribia kunywa chai yake na kuyaacha mambo yalivyo, mayai yaoze.

"Baba yako hakupanda," akasema. "Ni mimi."

Akamweleza yote. Alikuwa na mimba yake Wangila, akaenda Kitale kumtembelea shangazi, akarudi na miche mitatu ndani ya pakiti za maziwa. Nyumba ilikuwa mpya, uani jua tupu, hakuna mahali pa kumlaza mtoto. Mukhisa akiwa kazini, akaipanda, kwa ujeuri wa usichana. Mukhisa aliporudi alisimama akaitazama muda mrefu, wala hakumgombeza. Jioni ile ile alichukua ndoo akaimwagilia maji mbele ya ndugu zake wote, akiwaambia ameamua kupanda miti. Mke wake hakusikia tena habari hiyo kinywani mwake.

"Halafu akakufa," Wilkista akasema. "Na mimi nimekaa hapa nikiogopa hiyo miti kuliko nyoka."

Wangila aliiacha chai yake ikafanya utando. Kisha akainuka, akaleta kamba na shoka, na shoka akampa mama yake.

"Kama ni yako, anza wewe."

Alikuwa amepiga mara nne au tano, vibaya, vipande vikimrukia usoni, Mukhwana alipotokea uani koti likiwa begani. Huyu ni ndugu mdogo wa Mukhisa, na shamba lake lilipakana na lao. Akauliza ni nani aliyeruhusu miti ya ndugu yake iguswe.

"Ni mimi, baba mdogo," Wangila akasema upesi.

Wilkista alimtazama mwanawe. Angeweza kuliacha neno hilo lipite, kama la baba yake lilivyopita. Lakini alikuwa amechoka kufichwa na wanaume wanaompenda.

"Mtoto ananifichia, shemeji. Miti nilipanda mimi. Leo naikata."

Mukhwana alivua kofia, akaigeuza geuza mkononi.

"Mukhisa aliniambia, akiwa hospitali," akasema. "Ati siku utasema mwenyewe, nisikuulize kitu."

Wilkista aliegemea mpini wa shoka. Machozi yalimtoka mbele ya shemeji yake na hakuyafuta. Mukhwana akatundika koti kwenye ua, akashika ncha ya kamba, akamwuliza Wangila wauangushie upande gani ili usiguse paa.