Mashetani Watapita Saa Kumi na Moja

Je, mafuta ya upako yakimwagikia majani makavu karibu na mwenge, moto huchukua muda gani kumfikia mtu aliye ndani? Sikujua, na ilikuwa imebaki nusu saa tu msafara uanze.

Karatasi ya mwaliko niliitafsiri mimi kwa Kiswahili. Chama chetu cha wanafunzi kilikuwa kimeandaa msafara wa mazimwi ya Desemba: watu wenye pembe, manyoya na kengele nzito, kama wanavyofanya Wazungu wa milimani ili kuifukuza baridi. Nilitaka akina mama wa Kiafrika wa Chaussée de Wavre, barabara ya maduka yao hapa Ulaya, nao wajione wamealikwa. Neno "mazimwi" niliona ni la vitabuni mno, nikaandika "mashetani".

Sasa akina mama hao walikuwa wamejipanga kwenye njia yetu, mbele ya duka la vitenge, kama thelathini hivi, kila mmoja na chupa yake.

"Maman Pétronille," nilimwambia kiongozi wa kikundi chao cha maombi, "ni mchezo tu."

"Mutoto yangu, si wewe uliandika? Mashetani watapita samedi, dix-sept heures. Shetani gani anatoaga heure? Bon, siye tumefika à l'heure."

Ni kweli niliandika Jumamosi, saa kumi na moja jioni, na wao walikuwa wamewahi. Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyeweka chupa chini.

"Mtawafanya nini?"

"Kuwamwangia mafuta. Kila mumoja. Akianguka, aanguke."

Nilirudi mbio hadi uwanja wa Flagey, msafara ulikotakiwa kuanzia. Rafiki yangu Mignonne alikuwa tayari ameshonewa ndani ya vazi la majani makavu. Asingeweza kulivua peke yake, wala kukimbia. Kando yake mienge ilikuwa ikigawiwa. Nilimweleza.

"Wayalete hayo mafuta, ngozi yangu imekauka," alisema kutoka ndani ya kinyago. Kisha akanigeukia. "Ushindi, maman yangu yuko kati yao?"

"Yuko."

"Anajua kwamba ni mimi?"

Crispin, mwenyekiti wetu, alinishika mkono. "Tupite njia nyingine. Watachoka kungoja, watarudi nyumbani."

Nilipanda juu ya benchi, nikapiga makofi hadi wote wakanitazama.

"Mienge haitawashwa," niliwaambia. "Njia haibadiliki, kwa sababu wale mama tuliwaalika. Nitatangulia mimi, uso wazi, niwaeleze kwamba kosa la neno ni langu. Kisha nitawavua ninyi vinyago mmoja mmoja mbele yao, nikiwataja majina, na Mignonne atakuwa wa kwanza."