Mama Mkwe Nyuma ya Usukani

Siku hiyo mjinga alikuwa Kifungu, na heri tuseme mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta kwa wengine. Mama mkwe wake hakuwa mjinga, askari wa trafiki hakuwa mjinga, na gari lenyewe, ingawa halikuwa na dereva, lilifanya kila lililofundishwa. Alibaki yeye na suti yake mpya.

Kifungu si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa na wenzake wa ofisi ya sheria ya halmashauri, ambako kazi yake ilikuwa kuandika kanuni za mji. Hata chai aliiagiza kwa masharti: sukari isizidi kijiko kimoja, isipokuwa pale ambapo chai imeshapoa. Magari yanayojiendesha yalipoletwa mjini kwa majaribio, kila mtu alijiuliza gari likimgonga mtu atashtakiwa nani. Wanasheria wakubwa wakakuna vichwa. Kifungu akaandika sentensi moja, ubishi ukaisha: atakayeketi nyuma ya usukani atahesabiwa kuwa ndiye dereva, awe ameushika au hakuushika. Kanuni ikaanza kutumika kwa muda wa majaribio, na asubuhi hiyo madiwani walikuwa wanakutana kuipitisha iwe ya kudumu.

Yeye alitaka kitu kimoja tu: mama mkwe aketi ukumbini amwone akiisoma. Miaka yote ya ndoa, mama huyo akiulizwa mkwewe anafanya kazi gani, alijibu, "Anaandikaandika huko." Hakusema kwa ubaya. Ila lile "huko" lilikuwa limemkaa Kifungu kooni kama mwiba wa samaki.

Basi akaagiza gari kwa simu. Likaja kimya kimya, likasimama mlangoni, likajifungua milango. Mama mkwe akalichungulia.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Halina mtu, mama. Linajiendesha."

"Na linajua tunakokwenda?"

"Nimeshaliambia."

Ikaja habari ya kukaa. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa na sanduku la nakala za kanuni, ambalo gari lilikataa kuondoka mpaka lifungwe mkanda kama binadamu. Nyuma kumebana, na mama ana goti bovu. Tena mama mkwe utamkalishaje nyuma kama kifurushi? Kifungu akafungua mlango wa mbele upande wa pili, kwenye kiti kipana chenye nafasi ya kunyoosha mguu, akainama kidogo kwa adabu.

"Karibu mama. Huku ndiko kwa wakubwa."

Mama akaketi nyuma ya usukani, akapakata mkoba wake. Kifungu akajikunja kiti cha nyuma, magoti yakimgusa kidevu, akaanza kujisomea hotuba.

Safari ilikwenda vizuri mpaka sokoni. Pale kwenye kivuko gari likaona mtu anataka kuvuka, likasimama. Akavuka. Akaja wa pili, likamngoja naye. Wasukuma mikokoteni, watu ambao siku zote huvuka pale kwa kumwomba Mungu, hawakuamini macho yao. Habari ikaenea soko zima kwamba kuna gari lenye heshima. Mmoja akapita na mkokoteni wa viazi, akarudi nao mtupu, akapita tena umejaa vitunguu. Mwingine alisimama katikati ya njia kufunga kamba za viatu. Alifunga cha kushoto, akatafakari kidogo, akafunga na cha kulia. Nyuma yao honi zikalia na foleni ikapinda kona.

"Liambie liende," akasema mama.

"Haliwezi kuwasukuma watu, mama. Limefundishwa kungoja."

"Limefundishwa na nani? Mtu asiye na pa kwenda?"

Kabla Kifungu hajajibu, askari wa trafiki akafika. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, ule upole unaomfanya mtu aanze kujipapasa mifukoni. Akainama dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeziba barabara, mama. Naomba leseni."

"Leseni ya nini?"

"Ya kuendesha gari."

"Mwanangu, mimi hata baiskeli sijawahi kuipanda. Hapa nimepakiwa tu."

Kifungu akashusha kioo, akatoa tabasamu la mtu anayejulikana. "Afande, hujambo? Bila shaka unanifahamu."

"Nakufahamu sana, mheshimiwa. Si wewe uliyekuja kituoni kutufundisha kanuni? Anayekaa nyuma ya usukani ndiye dereva, awe ameushika au hakuushika. Nikakuuliza, akiwa mgonjwa je? Ukasema hata akiwa amelala anakoroma. Nikakuuliza, akiwa mzee asiyejua gari? Ukasema tusione huruma, hata awe mama yako mzazi."

"Sasa huyu si mama yangu mzazi. Ni mama mkwe."

"Mama mkwe hukumtoa."

Mama akageuka taratibu, goti na yote, akamtazama mkwewe. "Kumbe kanuni hii umeiandika wewe?"

Swali hilo Kifungu alilitamani miaka mingi. Angependa tu liulizwe mahali pengine. "Ndiyo, mama."

"Ahaa," akasema mama, akageuka mbele.

"Itabidi mama twende naye kituoni," askari akaendelea. "Hana leseni na ameziba njia."

Kifungu alimwona akilini mkewe akipokea simu ya mama yake kutoka polisi. "Afande, kosa ni la gari."

Askari akagonga dashibodi kwa kidole. "Wewe. Leseni."

"Asante kwa kusafiri nasi," ikajibu sauti tamu. "Tafadhali hakikisha umefunga mkanda."

"Limekataa," askari akasema. Wasukuma mikokoteni, ambao sasa walikuwa wamezunguka gari, wakacheka. Mmoja akauliza kama lile sanduku lililofungwa mkanda ndilo kondakta.

"Mheshimiwa," askari akasema, "tamka hapa kwamba kanuni haifai, nimwache mama. Ila nitamweleza mkuu wangu, na mkuu wangu sasa hivi yuko ukumbini na madiwani."

Kifungu akatazama sanduku la nakala, akatazama kisogo cha mama mkwe. "Kanuni inafaa," akasema kwa shida. "Lazima kila safari awepo mtu wa kuwajibika."

"Hapo umesema kweli," akasema mama. "Gari hili aliliita nani?"

"Mimi, mama."

"Aliyeliambia pa kwenda?"

"Mimi."

"Na mimi alinikalisha nani hapa?"

Kifungu akainamia hotuba yake.

"Basi afande, dereva wako yuko nyuma."

"Haiwezekani, mama," Kifungu akaruka. "Mimi sikugusa usukani, sikugusa breki, sikugusa chochote. Nimekaa tu huku nyuma nikatoa maagizo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita dereva."

Mama mkwe akafungua mlango, akatoa mguu wenye goti bovu kwanza.

"Nyumbani kwa binti yangu pia hugusi chochote, unakaa tu unatoa maagizo, na mbona kila mgeni akija unajitambulisha kuwa kichwa cha nyumba?"