Kengele ya Chumba cha Mama

Watu wenye akili zao hununua kengele dukani. Fundi cherehani aliamua kutengeneza yake, kwa sababu za dukani hulia mara moja zikanyamaza, na cherehani yake ikishika kasi hasikii hata radi. Alitaka mama akibonyeza swichi kitandani, kengele ilie chumba cha mbele bila kukoma mpaka yeye mwenyewe ainuke akaizime. Mama alikuwa amepooza upande wa kushoto, na sauti yake haikuweza kuvuka ua.

Basi mtu wa sindano na uzi akajitia kulehemu. Fundi redio wa jirani alimwelekeza mara mbili, ya tatu akamcheka. Alichora njia za umeme kwa kalamu juu ya kibao cha shaba, akakichovya kwenye dawa inayokula shaba, akatoboa matundu, akapachika transista mbili na betri moja. Kilikuwa kibaya kukitazama, lakini kililia.

Kililia siku moja. Siku iliyofuata alimkuta mama sakafuni.

"Nimebonyeza, mwanangu," mama alisema. "Nimebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi."

Kaka mkubwa alipopata habari alipiga simu kutoka mji wa pili. "Jumapili nakuja. Kengele yako ikishindwa tena kabla ya hapo, naondoka na mama."

Fundi cherehani hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama. Na mama, aliyesikia simu yote, akamwambia kaka simuni kwa huruma, "Usimgombeze mwenzako, baba. Anajitahidi."

Wiki nzima akahangaika. Alikuta tone la lehemu limeziunganisha njia mbili zisizohusiana, akalikwangua. Alikuta mguu wa transista umelegea, akaulehemu upya huku akijitukana. Akabadilisha betri. Kila alipoingia kujaribu, kengele ililia mpaka majirani wakanung'unika. Kila mama alipokuwa na shida, kengele ilikuwa bubu, hata akiibonyeza mbele ya binti yake. Ijumaa mama alilala kwenye mkojo saa mbili nzima.

"Ikikulilia wewe ikamnyamazia yeye, basi ina ubaguzi," fundi redio alimwambia. "Anzia kwenye betri, ufuate umeme hatua kwa hatua mpaka uone umepotelea wapi."

Jumamosi mchana akaanza. Mita mkononi, pini za gauni la mteja bado ziko mdomoni, akapima betri: nzima. Akapima kibao: kizima. Akaufuata waya ukutani, akavuka ua, akafika mlangoni kwa mama. Siku zote hapo hupiga hodi hata mlango ukiwa wazi, maana ndivyo mama alivyomlea. Lakini nani apige hodi na pini mdomoni? Akaingia.

Mama alikuwa ameipakata swichi, kifuniko kimefunguliwa. Kwa ule mkono wake mzima alikuwa anasukuma kikaratasi cha dawa, kimekunjwa mara nne, katikati ya vile vyuma viwili vinavyotakiwa kugusana. Hakubabaika hata kidogo. Ilikuwa kazi aliyoizoea; hodi ndiyo iliyompa muda wa kukichomoa kila mara.

Fundi alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wake, asije akazimeza.

"Kaka yako ana wajukuu wangu," mama alisema hatimaye. "Hapa nashinda natazama ukuta na kusikiliza cherehani. Nataka kwenda kwake."

"Si ungesema, mama?"

"Ungelia. Halafu ningebaki."

"Na siku ile sakafuni?"

Mama akageuza uso. "Nilijishusha polepole."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na nguo ndiyo kazi yake, lakini hakuona. Siku zote hizo alikuwa anatafuta kosa kwenye mikono yake, na mama anamtazama akilitafuta, anampa pole. Hiyo pole ndiyo iliyomuuma kuliko karatasi.

Jumapili kaka alibonyeza swichi, kengele ikalia nyumba nzima. "Mbona inalia?"

"Huwalilia wageni," mama alisema. "Mimi hainijui."

Kaka akamgeukia dada yake. Kikaratasi kilikuwa mfukoni mwa fundi. Angekitoa, mama angebaki, lakini angebaki mama asiyetaka kukaa naye. Akasema, "Imenishinda, kaka. Mchukue."

Alifunga nguo za mama, akamsaidia kaka kumpakia garini. Kaka akamshika bega. "Usijilaumu sana, mdogo wangu. Kulea mgonjwa si kipaji cha kila mtu."

Fundi alimtazama mama dirishani, akamngoja aseme neno moja tu, hata nusu yake. Mama alitengeneza kanga yake mabegani.

"Funga kioo, mwanangu," alisema, akimwambia kaka. "Upepo unaniumiza."