Vitanda Bado Vimo Kwenye Nailoni

…hata uzi hatujagusa, ndivyo alivyosema mjomba, vitanda vyako vimo kwenye nailoni vilevile kama ulivyovifunga, na alisema kwa fahari, mzee wa watu, kama mtu anayerudisha amana ya jirani ikiwa nzima, na Fundi, akiwa chali kwenye sakafu ya karakana ya hospitali, kichwa chini ya kitanda kingine cha kuzalishia, spana mkono huu, nati mkono ule, simu kifuani ikimtekenya mbavu kila mjomba anapopaza sauti, hakujua acheke au airushe spana ukutani, maana vitanda vile, na mashine ya oksijeni, na taa kubwa ya kuzalishia inayojichaji kwa jua, vilifika nyumbani kabla ya mvua, mvua zikaja, zikanyesha, zikaondoka, na muda wote huo yeye alikuwa akilala usingizi wa mtu aliyefanya jambo la maana, akijua kwamba kule alikotoka utotoni mgongoni mwa mtu, sasa kuna mwanamke anajifungua penye mwanga… kumbe nailoni, kumbe kufuli, kumbe ufunguo unaning'inia shingoni mwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, ambaye ni nani, ni mjomba huyuhuyu, nani mwingine. "Mjomba," akasema taratibu, kwa sauti ambayo mkewe huiita sauti ya kumeza mawe, "nilivituma vitumike," na mjomba akajibu, "Vitatumika, Mzigo, mbona vitatumika, wewe njoo tu," Mzigo, mtu mzima, baba wa watoto, mvi zimeshaanza masharubuni, bado anaitwa Mzigo, jina alilolipata kwenye kambi ya wakimbizi kwa sababu alifika kabebwa na hakutaka kushuka, hata kwenye foleni ya maji alipanga foleni akiwa mgongoni, watu wakicheka, na mwenye mgongo ndiye huyu anayemchosha roho leo saa ya chakula cha mchana, "Ulivifunga vizuri mno," mjomba anaendelea, "nailoni juu ya nailoni, gundi juu ya gundi, kamati ikatazama, ikasema, kazi kama hii nani atathubutu kuichana?" Haya makubwa! Alivifunga kwa ajili ya vumbi, mjomba, vumbi na madereva, si kwa ajili ya heshima, angejua angevituma uchi, angevituma vimelowa matope ili mtu mmoja tu mwenye akili aseme tuvioshe, na tukishaviosha, basi tuvitumie… "Kitu cha mtu hakifunguliwi mwenyewe hayupo," anasema mjomba, "wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," na Fundi akafumba macho chini ya kitanda, mwenyeji atapona vipi, mzee, dawa umeifungia ndani na ufunguo umeuvaa kama kidani? Kwa nyuma kulikuwa na sauti ya mwanamke, kali, imechoka, akaitambua, mkunga, yule aliyewahi kumtumia picha ya kitanda cha zamani kilichoegemezwa kwenye tofali, "Mwambie! Mwambie juzi nimezalisha kwa tochi ya simu, nimeing'ata kwa meno, chaji ikaisha kichwa cha mtoto kimeshatokeza! Mwambie, au nipe mimi simu!" na mjomba, kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi, "Subiri kwanza, mwanangu, naongea na mwenye vitu." Mwenye vitu! Mwenye vitu ni nani? Vitu hivi vilitupwa na hospitali, yeye aliviokota nyuma ya stoo, akavinyoosha, akavipaka rangi, akavitia magurudumu jioni baada ya kazi, mkewe akila peke yake, na kama vina mwenyewe basi mwenyewe ni huyo aliyekuwa akisukuma mtoto gizani juzi, mwambie hivyo mkunga, mwambie achukue nyundo, kufuli ni chuma tu, hata yeye mwenyewe angeweza kumwelekeza kwa simu pa kupiga… lakini kuvunja kufuli la mjomba? Mbele ya kamati? Mkunga angefukuzwa kijijini kabla ya jua kuzama, na mjomba angekufa kwa aibu, na yeye angekuwa kamuua kwa simu mtu aliyempa uhai kwa miguu yake.

"Kwani si wewe uliyesema unakuja?" akauliza mjomba, na hapo nati ikamponyoka Fundi vidoleni ikabingirika chini ya kabati, nenda, nenda na wewe, maana kweli alisema, alisema mwezi ujao, Mungu akipenda, lakini alisema kama watu wanavyosema, mtu anaagana kwenye simu, anasema tutaonana, anasema nitakuja kula kwako, ni neno la kufungia mlango taratibu ili usigonge, nani amewahi kushika kalenda kwa neno kama hilo, ila wao walishika, walipaka zahanati rangi, mvua ikaifuta wakapaka tena, watoto wa shule walifundishwa wimbo wenye jina lake, yule mwanafunzi aliyeuongoza ameshavunja sauti, wamemtafuta mwingine, hata mbuzi aliyetengwa kwa siku hiyo, mjomba anasema, ameshazaa… na kila walipouliza yeye akawaambia mwezi ujao, kazi zimebana, paspoti imeisha, mtoto anaumwa, na kila mara ilikuwa kweli, hilo ndilo linaloudhi, kila sababu ilikuwa kweli kabisa, alikuwa nazo tele, hakuwahi kudanganya hata moja, na bado mkewe, wiki hiihii, akikunja nguo, hata hakumtazama, alisema, "Wewe hurudi kwenu, unarudisha vitu," naye akamjibu kwa ukali kwamba vitu vinaponya watu na yeye haponyi mtu, mkewe akasema, "Sawa, baba watoto," na ile sawa ilikuwa na miba. Mlango wa karakana ukafunguliwa, viatu vyeupe vya muuguzi vikasimama karibu na sikio lake, "Fundi, kile kitanda cha wodini kinalia kama paka kabanwa mkia, wagonjwa hawalali, unakuja?" na yeye akasema, "Nakuja," bila kusogea hata ukucha, viatu vikaondoka vikiwa vimeridhika, rahisi hivyo, nakuja, neno jepesi kuliko yote, mtu analisema akiwa amelala chali… mama alilisema akiwa amesimama, mlangoni, mkono mmoja kiunoni, tumbo lake kubwa limetangulia nje ya mlango, na huko nyuma ya nyumba mbwa wote walikuwa wamenyamaza, "Tangulieni," alimwambia kaka yake, "mbebe huyu, mimi siwezi kukimbia, nakuja," na mjomba akamnyanyua, kidevu cha mtoto kikawa kinagonga mfupa wa bega la mjomba, gonga, gonga, njia nzima, akageuza shingo akamwona mama anarudi ndani kana kwamba amesahau kitu jikoni. Basi. Asubuhi mjomba alimwacha kwa watu akarudi kumchukua mama, akaja tena peke yake, akainama tu akampa mgongo, na yeye akapanda, naye hakuuliza, hakuuliza kambini, hakuuliza alipopata shule, alipopata kazi, alipooa, wala mjomba aliporudi nyumbani baada ya vita kwisha na kumpigia simu akisema nyumba imebaki msingi, hakuuliza, maana asiyeonyeshwa kaburi mama yake bado yuko jikoni, bado anatafuta kile alichosahau, na siku mtu atakaponyoosha kidole kwenye ardhi na kusema ni hapa… alikuwa anaogopa, basi, si kazi, si paspoti, anaogopa kidole cha mjomba, na hasira zote hizi za nailoni ni za mtu mwoga aliyelala chini ya kitanda, ingawa hata mwoga ana haki, mkunga bado anang'ata tochi, "…unanisikia, Mzigo? Nasema shughuli haitakuwa ndefu, utachana nailoni, watoto wataimba, kisha mimi na wewe tutakwenda kule kwa mama yako na mdogo wako, halafu urudi zako kazini, sikuzuii."

Mdogo wako. Alisikia vizuri, hakuna mtandao uliokatika, hakuna kelele. "Mdogo wangu yupi, mjomba?" na upande wa pili kuku akasikika akipita karibu na simu, kisha mjomba akasema, "Si nilikwambia," Fundi akasema, "Hukuniambia," mjomba akasema, "Nilidhani nilikwambia, ulikuwa mdogo, labda nilidhani nimekwambia kwa sababu kila siku najiambia mimi," akakohoa, "Alijifungua usiku uleule, peke yake. Wa kike. Hakuthubutu kuwasha taa, wangemwona. Nilipofika wote wawili walikuwa wamepoa, nikawalaza pamoja," na Fundi akabaki anatazama chuma cha kitanda juu ya uso wake, ile skrubu aliyoikaza asubuhi, na hakuwaza lolote, kisha akawaza mengi kwa pamoja, kwamba miaka yote hii hospitali ilitupa kila kitu, mashuka, makabati, viti vya magurudumu, na yeye akaokota vitanda vya kuzalishia na taa, akasema ni kwa sababu ndivyo vinavyotengenezeka… "Hukuambiwa, ukavituma vyenyewe," mjomba alikuwa anasema, "siku lori lilipofika nikaona ni vitanda vya kuzalishia na taa, nikakaa chini pale barabarani, mtu mzima. Nikasema hivi wa kwanza kuvifungua ni mwanawe. Kamati inadhani ni mambo ya heshima. Waache wadhani. Na wewe kila ukisema mwezi ujao, mimi nachukua jembe nakwenda kupalilia, majani yale hayana adabu, ukiyapa mgongo yamerudi, napalilia usije ukayakuta ukasema mjomba aliwatupa," na sauti ya mzee ikayumba, mzee ambaye usiku ule hakuyumba akivuka mto na mtoto mgongoni, na Fundi akamkasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu, akamkasirikia kwa kufuli, kwa ukimya, kwa jembe, kwa kuzeeka, kwa kumpenda kijinga namna hii mpaka mtoto wa mwanamke mwingine azaliwe gizani, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa chali na hayakuwa na njia nyingine. "Haloo?" akasema mjomba. "Mzigo? Upo?" Ulimi wake ukakimbilia palepale ulipozoea, ukagusa lile neno mwezi ujao, akalimeza, bado chini ya kitanda, bado na spana, wodini kitanda kikilia, na akaona wazi kabisa, kwa mara ya kwanza, kwamba nailoni mtu yeyote anaweza kuichana, hata kwa meno, lakini huko kwingine hakuna wa kumtuma.

"Nipo. Mpe mkunga ufunguo, mjomba, sasa hivi, nisikie akiupokea," akasema. "Na jembe liweke chini. Majani usiyaguse tena, nataka kuyakuta."