Mtu Aliyejibu Salamu

Lori lilikuwa limeshawashwa, godoro la Mutuku limefungwa juu ya magunia, na Batula bado kaushikilia mlango.

"Mwalimu, na Hamse wangu?"

"Mama, nimehamishwa. Nikikaa, nikienda, ile mashine ya barua imekufa." Mutuku hakumtazama.

Batula ni mtoto wa dada yangu. Hamse, mwanawe wa pekee, aliondoka Garissa kwenda Ulaya kwa njia ya jangwani, akanyamaza. Shirika linalotafuta waliopotea lina anwani moja tu ya kumpa mama habari: ile ya baruapepe ya chama chetu cha wafugaji.

Mimi nimesoma kwa vipande, darasa moja Ijara, jingine Bura, jingine sikulimaliza popote. Lakini siku ya kuchagua programu ya kuendesha baruapepe kwenye mashine ya chama nilikuwepo, nakunywa chai ya chama. Mutuku, mwalimu wa kompyuta, alituletea mbili, zote za bure, zote mtu anaruhusiwa kuzifungua aone zilivyotengenezwa. Moja ilikuwa na kundi kubwa nyuma yake na ahadi ya kuitunza miaka mingi. Nyingine, nzuri kwa macho, ilikuwa ya mtu mmoja huko ng'ambo.

Mwenyekiti Dagane akaamuru wenye programu zote mbili waandikiwe salamu. Kwetu mgeni haaminiwi kabla hajatoa habari: mvua, mifugo, afya ya nyumbani. Kundi kubwa halikujibu. Yule mmoja alijibu siku ileile, akauliza ngamia wanaendeleaje, akasema mkewe anaumwa mgongo.

"Huyu ni mtu," Dagane akasema.

"Ni mtu mmoja, mzee," Mutuku akasema. "Akichoka, nani ataitunza?"

"Na hao wengi wako, salamu tu imewashinda? Waryaa, wewe kijana, siku tukiwaka moto ndiyo watakuja?"

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Tukachukua ya yule mmoja.

Baadaye yule mtu akaacha kujibu. Programu haikupata marekebisho tena, na Mutuku akaomba tuhamie ile ya kundi kubwa kabla wezi hawajaona matundu ya kuingilia.

"Mke wa mtu ni mgonjwa," Dagane akasema, "sisi tumtoroke?"

Wezi wakaingia. Walituma takataka dunia nzima kwa jina letu, na dunia ikatufungia mlango. Mashine ikajaa, barua zinazokuja zinarudishwa, zetu zinakataliwa. Nikaandika kwa niaba ya Batula, kwa simu yangu, kuwapa wale wa shirika anwani nyingine. Wakajibu kwa adabu kwamba mabadiliko lazima yathibitishwe kutoka anwani ya zamani.

"Abti, mjomba wangu, mwambie ashuke," Batula akaniambia pale mlangoni mwa lori. "Afungue mara moja tu. Mara moja."

"Haifunguki, mama," Mutuku akasema, akamwashiria dereva aondoke.

Nikambandua Batula vidole mlangoni, kimoja kimoja. Lori likaenda.

Mutuku anafundisha Machakos. Dagane alichaguliwa tena. Chama sasa kinapigiana simu. Yule mtu wa ng'ambo hatujui kama yu hai, wala kama mkewe alipona. Jina la anwani yetu liliisha muda bila kulipiwa, likachukuliwa na watu wa kamari. Habari ya Hamse, kama iliandikwa, haikufika. Batula anauza maziwa ya ngamia sokoni na hamtaji mwanawe. Mimi nimehama tena, niko Kutulo, na hapa pia sitakaa.